Wild Bill Hickok: Karata zake za mwisho zimebaki na utata

ILIKUWA alasiri ya Jumatano, Agosti 2, 1876, katika mji mchanga wa Deadwood, uliochipuka miezi michache tu kabla ya hapo ndani ya bonde lenye dhahabu kwenye milima ya Black Hills, Marekani. Katika baa ya Nuttal na Mann, iliyojulikana pia kwa jina la Namba 10, wanaume wanne walikuwa wameizunguka meza wakicheza poka. Mmoja wao, mrefu, mwenye nywele zilizomfika mabegani, alikuwa ameketi huku mlango mmojawapo ukiwa nyuma ya mgongo wake.

Halikuwa jambo la kawaida kwake. Kwa miaka mingi James Butler Hickok, ambaye dunia ilimfahamu kwa jina la Wild Bill, alikuwa na desturi ya kuketi mgongo ukiwa umeelekea ukutani. Siku hiyo aliikuta nafasi ya ukutani imekwisha kukaliwa na Charles Rich. Alimwomba wabadilishane viti, Rich akakataa kwa mzaha. Hickok akaketi palipokuwa wazi.

Muda mfupi baadaye kijana mmoja aitwaye Jack McCall alimsogelea kwa nyuma, akatoa bastola na kumpiga risasi ya kichwa. Hickok alifariki papo hapo akiwa na umri wa miaka 39. Karata alizokuwa nazo zilianguka, na tangu hapo watu hawajaacha kubishana juu ya zilikuwa karata gani, na kama zilikuwa bado zinachezwa au mchezo wake ulikuwa umekwisha.

Mtu asiyejua poka anaweza kuona kuwa huo ni ubishi wa kupoteza wakati. Wachezaji wenyewe hawaoni hivyo. Katika mchezo huo hakuna jambo linalozua ugomvi kuliko dakika ile ya mwisho ya kufunua: nani aonyeshe kwanza, nani amekwisha kuzitupa zake, na karata iliyotupwa ikigusana na nyingine zilizotupwa ina haki gani tena. Maisha ya Hickok, tangu ujana hadi kaburini, yaliandamwa na ugomvi wa namna hiyo, ingawa mara nyingi hadithi zake husimuliwa kana kwamba zilihusu bastola peke yake.

Alizaliwa Mei 27, 1837, katika kijiji cha Homer, jimbo la Illinois, ambacho sasa kinaitwa Troy Grove. Baba yake, William Alonzo, alikuwa mkulima aliyechukia utumwa, na inasimuliwa kwamba shamba lake lilikuwa mojawapo ya maficho ya watumwa waliokuwa wakitoroka kutoka majimbo ya Kusini kuelekea Kaskazini. Mzee huyo alifariki mwaka 1852. Miaka mitatu baadaye, akiwa na miaka 18, James aliondoka nyumbani kwenda Kansas, ambako wapinzani na watetezi wa utumwa walikuwa wakiuana. Huko alijiunga na jeshi la kujitolea la Jim Lane lililopinga utumwa, na mwaka 1858 akachaguliwa kuwa konstebo wa kitongoji cha Monticello. Alikuwa na miaka 20 tu.

Baadaye aliajiriwa na kampuni ya usafirishaji ya Russell, Majors na Waddell, iliyokuwa ikiendesha misafara ya mizigo na huduma ya barua kwa farasi. Ni kazi hiyo iliyomfikisha kwenye kituo cha Rock Creek, Nebraska, na kwenye tukio la kwanza lililomtia katika vinywa vya watu.

David McCanles alikuwa amekiuza kituo hicho kwa kampuni kwa malipo ya awamu, na kampuni ilichelewa kulipa. Julai 12, 1861, alifika kudai haki yake akiwa na mwanawe, mtoto wa miaka 12, pamoja na wanaume wawili. Mabishano yalipozidi risasi zililia, na McCanles na wenzake wawili wakafa. Mtoto alinusurika. Hickok na wenzake walishitakiwa, lakini wakaachiwa kwa hoja kwamba walikuwa wakijilinda. Miaka michache baadaye tukio hilo la deni lisilolipwa lilikuzwa magazetini hadi likawa vita ya mtu mmoja dhidi ya genge la watu kumi. Mdai aliyefuata nyayo za fedha zake aligeuzwa kuwa jambazi, na hilo halikumsumbua msomaji yeyote wa wakati huo.

Wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe Hickok aliitumikia Serikali ya Muungano: kwanza akiwa msimamizi wa misafara ya magari ya mizigo, kisha mpelelezi na askari wa upelelezi mjini Springfield, Missouri. Vita ilipokwisha mwaka 1865 alibaki Springfield bila kazi ya maana, akiishi kwa karata.

Hapo ndipo alipoingia katika ugomvi na Davis Tutt, kijana kutoka Arkansas aliyepigana upande wa Kusini. Wawili hao walikuwa marafiki waliocheza pamoja, kisha urafiki ukachacha. Usiku wa Julai 20, 1865, Hickok alikuwa akicheza hotelini na kushinda. Tutt, ambaye hakuwa mezani, alisimama pembeni akiwakopesha fedha wapinzani wa Hickok ili wamfilisi. Alipoona mpango hauzai matunda, alidai alipwe Dola 40 alizouzia farasi. Hickok akazihesabu na kumpa. Tutt hakuridhika, akadai Dola nyingine 35 za mchezo wa siku za nyuma. Hickok akasema deni hilo ni Dola 25 tu, kwa kuwa sehemu yake alikwisha kuilipa.

Tofauti yao ilikuwa Dola 10. Tutt aliichukua saa ya mfukoni ya Hickok iliyokuwa mezani na kusema ataishikilia kama rehani mpaka alipwe. Kwa mcheza kamari wa enzi hizo, kunyang'anywa mali mbele ya watu kwa madai ya deni kulikuwa sawa na kutangazwa kuwa mtu asiyelipa, na mtu asiyelipa hakupewa tena kiti katika meza yoyote. Hickok alimwonya asithubutu kuivaa saa hiyo hadharani. Tutt akajibu kwamba ataivaa kesho yake katikati ya uwanja wa mji.

Kesho yake alifanya hivyo. Watu walijaribu kuwapatanisha, na Hickok akarudia kwamba yuko tayari kulipa 25, lakini Tutt sasa alikuwa amepandisha hadi 45. Ilipofika jioni walisimama kwenye uwanja, umbali wa karibu mita 70 kati yao, wakachomoa bastola na kufyatua karibu kwa wakati mmoja. Risasi ya Tutt ilipita hewani. Ya Hickok ilimwingia Tutt kifuani.

Kwa bastola za wakati ule, kulenga shabaha umbali huo kulikuwa jambo la nadra, na ndiyo maana tukio hilo likawa kielelezo cha mapambano ya ana kwa ana yaliyoigwa baadaye na sinema zisizohesabika. Hickok alishitakiwa kwa kuua bila kukusudia, na Agosti mwaka huo baraza la wazee wa mahakama likamwona hana hatia. Wananchi wengi wa Springfield hawakuufurahia uamuzi huo, na alipogombea ukuu wa polisi wa mji mwezi Septemba walimnyima kura.

Umaarufu ulimfuata kwa njia nyingine. Mwandishi George Ward Nichols alikutana naye mjini hapo, na makala yake ndefu ikatoka katika jarida la Harper's la Februari 1867. Humo Hickok alionekana kama shujaa wa ngano, aliyeua mamia ya watu kwa mkono wake. Waandishi wa baadaye waliochambua kumbukumbu za mahakama na magazeti ya siku zile wamehitimisha kwamba waliouawa naye katika mapambano yaliyothibitishwa pengine hawazidi kumi. Lakini makala ilikwisha kusomwa nchi nzima. Tangu hapo kila kijana aliyetaka jina alijua ni nani wa kumpiga risasi ili alipate.

Alikuwa mpelelezi wa jeshi, akafanya kazi chini ya maofisa akiwamo George Custer, kisha mwaka 1869 akachaguliwa kuwa sherifu wa wilaya ya Ellis, Kansas, makao yake yakiwa Hays City. Huko aliua watu wawili katika kutekeleza kazi yake, akashindwa katika uchaguzi uliofuata, na Julai 1870 akapigana baa na askari wa Kikosi cha Saba cha wapandafarasi, mmoja wao akapoteza maisha.

Aprili 15, 1871, mji wa Abilene ulimwajiri kuwa mkuu wake wa polisi kwa mshahara wa Dola 150 kwa mwezi na sehemu ya faini. Mtangulizi wake, Tom Smith, alikuwa ameuawa Novemba iliyotangulia. Abilene ulikuwa mwisho wa safari ya wachungaji walioswaga maelfu ya ng'ombe kutoka Texas hadi kwenye reli. Vijana hao walifika na ujira wa miezi kadhaa mfukoni, na mji mzima ulikuwa umejipanga kuwapokonya ujira huo kwa pombe, wanawake na kamari.

Mkuu wa polisi mwenyewe alionekana zaidi katika baa ya Alamo kuliko ofisini. Aliicheza poka kwa saa nyingi, na aliyemhitaji alijua wapi pa kumpata. Lilikuwa jambo lililowakera baadhi ya wakubwa wa mji, lakini lilikuwa pia na mantiki yake: katika mji ambao ugomvi wote ulianzia kwenye karata, polisi aliyekuwa mezani aliuona ugomvi kabla haujasimama.

Inafaa kueleza mchezo wenyewe ulivyokuwa. Poka ya miaka ya 1870 ilikuwa aghalabu ya karata tano. Kila mmoja aligawiwa tano, akaweka dau, kisha akatupa zile asizozitaka na kupewa nyingine. Walioridhika waliongeza dau, waliokata tamaa walilaza karata zao kifudifudi na kujitoa. Waliobaki ndio waliofunua, na mwenye karata bora akazoa fedha zote. Hapakuwa na msimamizi wa ukumbi. Mgawaji alikuwa mmoja wa wachezaji, na kitabu cha kanuni, kama kilikuwapo, kilikuwa nyuma ya kaunta pamoja na bunduki ya mwenye baa.

Kuna hadithi moja inayomhusu Hickok ambayo wacheza karata wameipokezana kwa vizazi. Hakuna ushahidi wa kuithibitisha, na ni busara kuichukua kama hadithi. Inasemekana alikuwa akicheza na tapeli aitwaye McDonald, na kwamba dau lilipanda mno. Wakati wa kufunua ulipofika, McDonald alilaza ghulamu tatu. Hickok akatamka kwamba ana ree tatu na sita mbili, mchanganyiko unaozishinda ghulamu tatu bila ubishi, akanyoosha mkono kuchukua fedha. McDonald akazitazama karata zilizolazwa na kusema anaona ree tatu sawa, lakini sita ni moja tu. Hapo Hickok akachomoa bastola yake ya risasi sita na kueleza kuwa hiyo ndiyo sita ya pili, kisha kwa mkono mwingine akatoa kisu na kukitambulisha kuwa ndiyo karata ya tano. McDonald akakubali kwamba mkono huo umeshinda.

Wasimuliaji hucheka. Tapeli katika hadithi ni McDonald, na msikilizaji anatakiwa kufurahi kuona amepatikana. Lakini ukiiangalia kwa utulivu, katika kufunua huko aliyesema uongo ni Hickok. Ree tatu zilikuwa zinatosha kabisa kuzishinda ghulamu tatu. Hakuihitaji sita ya pili, wala bastola. Ama aliyeitunga hadithi hakuwa hodari wa kuhesabu karata, ama alitaka kuonyesha kwamba pale mezani hapakuwa na mtu aliyethubutu kuhesabu.

Kanuni za kasino za leo zimeandikwa hasa kwa ajili ya kuondoa hali hiyo. Ya msingi ni kwamba karata hujisemea zenyewe: anachotamka mchezaji hakina uzito, kinachohesabika ni zile zilizofunuliwa na kulazwa zote mezani. Aliyetamka kwa makosa kwamba ana karata duni, huku amezilaza wazi, hapotezi ushindi wake, na mgawaji haruhusiwi kuziondoa. Kinyume chake, aliyezisukuma karata zake kifudifudi hadi zikachanganyika na zilizotupwa amezika haki yake, hata kama dakika moja baadaye ataapa kwamba zilikuwa bora kuliko zote. Kumbi nyingine humruhusu msimamizi kuzirudisha iwapo bado zinatambulika bila shaka. Nyingine hazikubali kabisa. Ubishi mwingi wa siku hizi hutokea katika mwanya huo mdogo, kati ya karata iliyotupwa na karata iliyokwisha kufa. Leo kuna kamera juu ya meza. Abilene hakukuwa na kamera.

Abilene hiyohiyo ndiyo iliyomwachia Hickok jeraha ambalo halikupona. Phil Coe, mcheza kamari kutoka Texas, alikuwa na ubia katika baa ya Bull's Head na hakuelewana naye. Usiku wa Oktoba 5, 1871, Coe alifyatua bastola mtaani akiwa na kundi la wachungaji walevi. Hickok alitoka kuuliza, wakarushiana risasi wakiwa hatua chache baina yao, na Coe akaanguka kwa majeraha yaliyomwua baadaye. Katika vurugu hiyo Hickok aliona mtu mwingine akija mbio na silaha kutoka gizani, akageuka na kumpiga. Alikuwa Mike Williams, rafiki yake, aliyekuwa akikimbia kumsaidia.

Hickok alimlipia gharama za mazishi. Hakuna kumbukumbu inayoonyesha kwamba aliwahi kuua mtu tena baada ya usiku huo. Desemba mwaka huo mji ulimwachisha kazi. Ulikuwa umeamua kuachana na biashara ya ng'ombe na haukumhitaji tena.

Miaka mitano iliyofuata ilikuwa ya kuteremka. Alishiriki onyesho la kuwinda nyati karibu na maporomoko ya Niagara mwaka 1872. Rafiki yake Buffalo Bill Cody akamwingiza katika kundi la maigizo, akaigiza maisha yake mwenyewe kwa maneno ya kubuni, kazi aliyoichukia. Wenzake walimlalamikia kwa kufyatua risasi za bandia karibu mno na miguu ya waigizaji wengine. Aliondoka mwaka 1874. Macho yalikuwa yameanza kumsumbua, na kwa mtu ambaye uhai wake ulitegemea kuona kwanza, hiyo ilikuwa habari mbaya kuliko zote. Mwaka 1875 mjini Cheyenne alishitakiwa kwa uzururaji, shitaka walilobandikwa wacheza kamari wasio na kipato kinachojulikana.

Machi 5, 1876, mjini humo humo, alifunga ndoa na Agnes Lake, mjane mwenye sarakasi, mpanda farasi na mtembea juu ya kamba aliyemzidi umri kwa zaidi ya miaka kumi. Walikuwa wamefahamiana tangu Abilene. Mchungaji aliyewafungisha aliandika pembeni ya daftari lake kwamba hadhani kama wawili hao walikuwa na nia ya kweli. Walikwenda Cincinnati kwa wiki mbili, kisha bwana harusi akarudi Magharibi kutafuta fedha za kuanzia maisha. Hawakuonana tena.

Fedha, kwa mwaka huo, zilikuwa Black Hills. Msafara wa Custer uliripoti dhahabu huko mwaka 1874, na maelfu ya Wazungu wakavamia nchi ambayo mkataba wa mwaka 1868 ulikuwa umeiacha kwa Walakota. Custer mwenyewe aliuawa pamoja na askari wake Juni 25, 1876, huko Little Bighorn. Wiki chache baadaye Hickok aliwasili Deadwood pamoja na msafara wa rafiki yake Charlie Utter, ambamo pia alikuwamo mwanamke aliyejulikana kwa jina la Calamity Jane. Alitamka kwamba amefuata dhahabu. Siku zake nyingi alizitumia mezani.

Siku moja kabla ya kifo chake alicheza na Jack McCall, ambaye alipoteza karibu kila alichokuwa nacho. Inaelezwa kwamba Hickok alimpa kiasi kidogo cha fedha akanunue chakula na kumshauri asicheze tena mpaka awe na uwezo wa kulipa. Wapo wanaoamini kwamba huruma hiyo mbele ya watu ndiyo iliyomchoma kijana huyo kuliko hasara yenyewe. Hakuna aliyewahi kupata jibu la uhakika kutoka kinywani mwa McCall, kwa kuwa alitoa maelezo tofauti kila alipoulizwa.

Siku ya mauaji, mezani walikuwapo Hickok, Charles Rich, Carl Mann aliyekuwa mbia katika baa hiyo, na William Massie, nahodha wa zamani wa meli za mtoni. Baadhi ya walioandika maisha ya Hickok wanaeleza kwamba kabla ya risasi kulikuwa na mabishano ya kirafiki kati yake na Massie. Nahodha alikuwa na tabia ya kuchungulia karata ambazo wenzake walikwisha kuzitupa, na Hickok alimtaka aache. Mchezaji yeyote anajua sababu: katika poka ya karata tano, anayejua ulichotupa anajua nusu ya ulichobakiza. Mashahidi wanasema pia kwamba Massie alikuwa ametoka kumshinda vibaya, na kwamba maneno ya mwisho ya Hickok yalikuwa ya kulalamikia mkono huo.

Ikiwa ni hivyo, karata zilizoanguka sakafuni zilikuwa zipi? Kama mkono ulikwisha na fedha zimekwenda kwa Massie, basi zile za Hickok zilikuwa zimeshindwa tayari, au zilikuwa za mgawo mpya ambao haujachezwa. Mapokeo yanashikilia kwamba alikuwa na ree mbili nyeusi na nane mbili nyeusi, yaani za shupaza na za pau, na karata ya tano isiyojulikana. Mchanganyiko huo umeitwa mkono wa mfu, na wapo wachezaji ambao hata leo huguna wakigawiwa.

Msingi wa mapokeo hayo ni mwembamba. Habari za ree na nane zilienea baada ya kitabu cha Frank Wilstach cha mwaka 1926, nusu karne baada ya tukio, naye alizipata kwa Ellis Peirce, kinyozi aliyeuandaa mwili wa marehemu kwa mazishi. Peirce hakuwa mchezaji wa meza hiyo. Magazeti ya mwaka 1876 yaliyosimulia mauaji hayakuzitaja karata. Tena, jina la mkono wa mfu lilikuwapo kabla ya kitabu hicho likiwa na maana nyingine: gazeti moja la Grand Forks mwaka 1886 lilisema mkono huo ni ghulamu tatu na kumi mbili. Kwa kanuni za kasino yoyote ya leo, karata zilizookotwa sakafuni na kutajwa na mtu ambaye hakuwa mezani zisingehesabiwa.

Sheria nayo ilibabaika. Siku iliyofuata wachimba dhahabu waliunda mahakama ndani ya jumba la maonyesho la Deadwood. McCall alidai kwamba Hickok alimwua kaka yake, madai ambayo hayakuthibitishwa, na baraza likamwachia. Aliondoka hadi Wyoming, ambako alijigamba kwa aliyoyafanya na kukamatwa upya. Alipojitetea kwamba amekwisha kuhukumiwa, mahakama ya Yankton ilimjibu kwamba Deadwood ulikuwa ndani ya ardhi ya Wahindi Wekundu, nje ya sheria za Marekani, hivyo ile haikuwa mahakama. Alihukumiwa Desemba 1876 na kunyongwa Machi 1, 1877.

Hickok alizikwa kwanza katika makaburi ya Ingleside, na mwaka 1879 mabaki yake yakahamishiwa Mount Moriah, kilima kinachoutazama mji. Calamity Jane alizikwa kando yake mwaka 1903, ingawa waliokuwa karibu na Hickok walikana kwamba kulikuwa na mapenzi kati yao. Agnes alifariki mwaka 1907. Nahodha Massie alijeruhiwa kifundo cha mkono na risasi ileile iliyopita kichwani mwa Hickok, na inasemekana aliishi nayo hadi kufa kwake.

Mwaka 1979 kasino ya Binion's Horseshoe ya Las Vegas ilianzisha orodha ya heshima ya wacheza poka. Kati ya saba wa kwanza kuingizwa walikuwamo Edmond Hoyle, Mwingereza aliyeandika kanuni za karata na kufariki mwaka 1769 kabla poka haijakuwapo, na Wild Bill Hickok, ambaye kwa ushahidi uliopo alikuwa mchezaji wa kawaida na mara nyingi alipoteza. Mjini Deadwood mkono wa mfu huonyeshwa kwa wageni ukiwa umepangwa nyuma ya kioo. Kuhusu karata ya tano wenyeji hawajakubaliana: yuko anayesema malkia wa pau, yuko anayesema tisa ya uru, na yuko anayeshikilia kwamba Hickok alikwisha kuitupa na alikuwa akisubiri kugawiwa nyingine.